Safari ya Dakika Tano

Katika nchi ya Australia mwezi wa Januari ndio wakati wa kiangazi. Shule huwa zimefungwa, na wafanyakazi wengi huwa likizoni pamoja na jamaa zao. Jumatatu ya tarehe 2 Januari 2023 ilikuwa hata siku ya mapumziko rasmi katika jimbo la Queensland, kwa sababu Mwaka Mpya ulikuwa umeangukia Jumapili. Hali ya hewa ilikuwa safi. Watu walikuwa wamejaa katika fukwe za mji wa Gold Coast na katika bustani ya burudani ya Sea World, ambayo imejengwa juu ya ulimi wa nchi wenye bahari kuu upande mmoja na mkono wa bahari uitwao Broadwater upande wa pili.

Kando ya bustani hiyo ilikuwapo kampuni ya helikopta. Ijapokuwa ilitumia jina la Sea World, ilikuwa kampuni nyingine kabisa, si ile iliyomiliki bustani. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha watalii angani kwa muda mfupi, wakaitazama pwani, majumba marefu na mashua, kisha ikawarudisha chini. Safari moja ilikuwa ya dakika 5 tu. Mtu aliyezoea kulipa nauli ili afike mahali fulani ataona ajabu kulipa ili arudi palepale alipoanzia. Lakini hiyo ndiyo biashara ya utalii, wala haina ubaya wowote ikifanywa kwa uangalifu.

Ilipokaribia saa 8 mchana, helikopta moja ya kampuni hiyo, aina ya Eurocopter EC130, iliinuka kutoka kiwanja chake ikiwa na rubani na abiria 6, na miongoni mwa abiria hao walikuwamo akina mama waliofuatana na watoto wao. Wakati huohuo helikopta nyingine, ya kampuni ileile na ya aina ileile, ilikuwa inarudi kutua ikiwa na rubani na abiria 5. Zilikutana juu ya maji, katika kimo cha futi 130 hivi, yaani mita 40. Mapanga ya ile iliyokuwa inaruka yaliingia sehemu ya mbele ya ile iliyokuwa inatua. Ile ya kwanza ilipoteza mapanga yake makubwa pamoja na giaboksi, ikaporomoka juu ya fungu la mchanga. Rubani wake na abiria 3 walikufa. Abiria 3 waliobaki, wakiwamo watoto, waliumia vibaya sana.

Rubani wa helikopta ya pili alifanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Sehemu ya mbele ya chombo chake ilikuwa imevunjwavunjwa, vipande vya kioo vimetapakaa ndani, na bado aliweza kukiteremsha juu ya mchanga, si mbali na mabaki ya mwenzake. Watu wote 6 waliokuwamo walitoka hai. Picha zilizochukuliwa na abiria wake mmoja zilionyeshwa baadaye na vituo vya televisheni ulimwenguni, na ndani yake anaonekana abiria akinyoosha mkono kumgusa rubani, kumwonya, sekunde chache kabla ya mgongano.

Baada ya ajali ya namna hii kila mtu hugeuka kuwa mchunguzi. Mmoja atasema rubani alikuwa mzembe, wa pili atasema injini ilizimika, wa tatu atasema vyombo hivi havifai kabisa kubeba watu. Ofisi ya Usalama wa Usafiri ya Australia ilichukua zaidi ya miaka miwili kulichunguza jambo hili, na taarifa yake ya mwisho ilitolewa mwezi wa Aprili 2025. Iliyoyaeleza ni mambo mengi, na karibu yote ni madogo. Kabla ya kuyatazama, ndugu msomaji, inafaa tuelewe kwanza nini hasa hutendeka helikopta inapoondoka ardhini, kwa maana ajali nyingine za wakati huohuo zimetokana na sababu tofauti kabisa na hii.

NAMNA HELIKOPTA INAVYOONDOKA ARDHINI

Ndege ya kawaida hupata nguvu ya kuinuka kwa kukimbia juu ya barabara yake mpaka upepo upitao chini na juu ya mabawa yake utoshe kuibeba. Helikopta haikimbii. Mabawa yake ndiyo yale mapanga ya juu, nayo ndiyo yanayokimbia, yakizunguka mahali pamoja na kuusukuma upepo chini. Rubani ana fimbo upande wake wa kushoto ambayo huyabetua mapanga yote kwa pamoja. Kadiri yanavyobetuliwa ndivyo yanavyousukuma upepo zaidi, na chombo huinuka. Fimbo nyingine iliyo mbele yake huyainamisha mapanga ili chombo kiende mbele, nyuma au upande. Miguu nayo ina kazi yake. Mikono miwili na miguu miwili yote huwa kazini kwa wakati mmoja, na kosa la kiungo kimoja hudai sahihisho kutoka viungo vingine vitatu.

Kazi ya miguu inahitaji maelezo. Injini inapoyazungusha mapanga kwa upande mmoja, mwili wa helikopta nao hutaka kuzunguka kwa upande wa pili. Mtu aliyewahi kusimama ndani ya mtumbwi akausukuma mti wa gatini ameona jambo hilo: ukisukuma huku, wewe unakwenda kule. Ndiyo maana helikopta nyingi zina panga dogo mkiani. Kazi yake si kuinua chochote bali kuuzuia mwili usizunguke, na rubani huliongoza kwa miguu. Likishindwa, au likizidiwa, helikopta huanza kuzunguka kama pia.

Sasa, katika dakika ya kwanza ya kuruka, chombo hiki huwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Kikiwa karibu sana na ardhi hupata msaada, kwa sababu upepo unaosukumwa chini hugota ardhini na kufanya kama mto wa kukalia. Kikipanda juu zaidi kidogo, mto huo hutoweka. Baadaye, kikishapata mwendo wa mbele, mapanga hukutana na upepo mpya usiovurugwa, nayo hufanya kazi vizuri zaidi bila injini kuongezewa nguvu. Lakini kati ya kuuacha ule mto na kuupata ule mwendo kuna kipindi kifupi ambacho injini hubeba mzigo wote peke yake. Injini iliyochoka au mzigo uliozidi hujulikana hapo.

Watu wengi hudhani kwamba helikopta injini yake ikizimika basi huanguka kama jiwe. Si kweli, ikiwa iko juu ya kutosha. Rubani aliyefundishwa hushusha ile fimbo ya kushoto mara moja, na upepo unaopanda kutoka chini, kwa sababu chombo kinashuka, huendelea kuyazungusha mapanga kama tiara ya upepo. Akikaribia ardhi hutumia mzunguko huo uliobaki kupunguza kasi ya kushuka, akatua. Hili hufanywa mazoezini na marubani kila mara. Lakini linahitaji kimo au mwendo, na helikopta inayoruka haina hiki wala kile. Mtu aliye mita 40 juu ya ardhi akiwa na mwendo mdogo hana muda wa kurekebisha kitu.

Mzigo ni jambo la kwanza. Ndiyo maana abiria wa safari za utalii hupimwa uzito kabla ya kupanda, na kuambiwa nani akae wapi, jambo linaloweza kumchukiza mtu mnene mbele ya wenzake. Hana sababu ya kuchukia. Basi lililojaza abiria litapanda mlima polepole, likishindwa litasimama na utingo atashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Angani hakuna pa kuweka jiwe.

Mfano mmoja ulitokea katika jiji la New York, Marekani, tarehe 4 Oktoba 2011. Helikopta ndogo aina ya Bell 206 iliruka kutoka kituo cha helikopta cha mtaa wa 34, kando ya mto uitwao East River. Ndani yake walikuwamo rubani na abiria 4, rafiki zake waliotaka kulitazama jiji kutoka juu. Mara baada ya kuinuka ilianza kuzunguka, rubani akashindwa kuizuia, ikaanguka mtoni na kupinduka. Abiria mmoja alikufa siku hiyo, na wengine walikufa baadaye hospitalini. Wachunguzi wa Marekani waliona kwamba helikopta ilikuwa na uzito uliozidi kiwango, mwendo wake ulikuwa mdogo, na upepo ulikuwa unatoka upande mbaya. Mambo hayo matatu yalipokutana, panga la mkiani lilizidiwa ingawa halikuwa limeharibika hata kidogo. Rubani hakuitegemea hali hiyo, na kabla ya safari hakuwa amepiga vizuri hesabu ya uzito.

Joto na kimo cha nchi huongeza taabu ileile. Hewa ya mahali penye joto au palipo juu ni nyepesi, na mapanga hayapati kitu cha kutosha cha kusukuma. Helikopta inayoweza kubeba watu 6 katika pwani huenda isiweze kubeba watu 3 kwenye mabega ya Mlima Kilimanjaro, ambako wapandaji wanaougua huchukuliwa kwa chombo hicho. Rubani wa huko hupiga hesabu zake upya kila safari.

Iko hatari nyingine ambayo watazamaji hawaitambui. Helikopta nyingi ndogo hazina magurudumu. Zinakaa juu ya vyuma viwili virefu. Chuma kimoja kikinaswa na kamba, matope au kisiki, na rubani akaendelea kuongeza nguvu, upande mmoja huinuka na upande wa pili hubaki chini. Ikishainama kupita kiasi hakuna tena fimbo ya kuirudisha. Inajipindua pale pale kiwanjani kabla haijaruka.

TAARIFA AMBAYO HAIKUSIKIKA

Turudi Gold Coast. Huko hapakuwa na injini iliyozimika, wala mkia uliozidiwa, wala upepo mbaya. Helikopta zote mbili zilikuwa zinaruka sawasawa mpaka zilipogusana.

Anga ya mahali hapo haikuwa na mwongoza ndege wa kuwaambia marubani wa kampuni nani aruke na nani asubiri. Marubani walitegemea mambo mawili: redio na macho. Kila rubani alitakiwa kutangaza katika redio anachotaka kufanya, ili wenzake wote walio karibu wasikie. Anayerudi hutangaza kwamba anarudi, na anayeondoka hutangaza kwamba anaondoka.

Yule aliyekuwa anarudi alitangaza. Wakati huo yule wa chini alikuwa angali kiwanjani, akipakia abiria wake. Aliyekuwa angani aliiona helikopta ile ikiwa imekaa chini, watu wakipanda, akahesabu kwamba haitamwingilia njiani. Baadaye aliwaambia wachunguzi kwamba hakumbuki kuisikia taarifa yoyote ya mwenzake kwamba anaondoka. Kama angeisikia, bila shaka angetazama tena.

Wachunguzi walipoyakagua mabaki waliona kasoro katika eriali ya redio ya helikopta iliyokuwa inaondoka. Kwa maoni yao, yaelekea sana kwamba taarifa ya kuondoka haikutoka ndani ya chombo hicho. Rubani angeweza kubonyeza kitufe chake na kusema maneno yake yote kama inavyopasa, bila kujua kwamba maneno hayo yameishia mdomoni mwake. Redio iliyokufa kabisa hujulikana haraka, maana husikii kitu. Redio inayopokea vizuri na kutoa vibaya ni mdanganyifu mkubwa zaidi, kwa sababu mwenye nayo huwasikia wenzake wote na kuamini kwamba nao wanamsikia.

Kilichobaki basi ni macho. Hapa pana jambo ambalo manahodha wa majahazi wanalifahamu tangu zamani. Ukiona chombo kingine baharini, nawe unakwenda, nacho kinakwenda, na kila ukikitazama unakiona upande uleule wa omo yako, hakisogei mbele wala hakirudi nyuma, basi jua kwamba mtagongana. Chombo kitakachopita salama huonekana kikihama. Sasa jicho la mwanadamu limeumbwa kuvutwa na kitu kinachotembea. Kitu kilichotulia huliponyoka. Kwa hiyo helikopta ile hasa itakayokugonga ndiyo ambayo jicho lako huelekea kutoiona, kwa sababu katika kioo chako imekaa mahali pamoja kama doa. Huwa ndogo, ikabaki ndogo, kisha ghafla ikajaza kioo chote. Ongeza hapo mihimili ya dirisha, vichwa vya abiria waliokaa mbele, na maji yanayometameta chini. Wachunguzi walitengeneza kwa kompyuta mfano wa yale ambayo kila rubani angeweza kuyaona kutoka kiti chake, nao wakakuta kwamba nafasi ya kuonana ilikuwa finyu mno.

Jambo hili halikuwa geni. Tarehe 8 Agosti 2009, juu ya mto Hudson katika New York hiyohiyo, helikopta ya watalii iliyokuwa imeruka muda mfupi tu uliopita iligongana na ndege ndogo ya injini moja. Watu wote 9 walikufa: rubani wa helikopta na watalii wake 5 kutoka Italia, na watu 3 wa kwenye ndege. Huko nako marubani walitakiwa kuonana kwa macho. Wachunguzi waliandika kwamba njia hiyo ina kasoro zake za asili, na kwamba mwongoza ndege wa kiwanja cha Teterboro, ambako ndege ile iliondokea, alikuwa katika mazungumzo ya simu yasiyohusu kazi wakati alipotakiwa kuiangalia. Kabla ya mwaka ule kwisha sheria za anga ya mto huo zilibadilishwa, na vyombo vinavyopita tu vikatengwa kwa kimo na vile vinavyozungukazunguka kwa ajili ya utalii.

KAZI ZA WALIO CHINI

Mfanyakazi wa kiwanja cha helikopta haonekani katika picha za matangazo. Yeye huwapokea abiria, huwafunga mikanda, hufunga milango, hutazama angani nyuma ya chombo mahali ambapo rubani hawezi kuona, kisha humpa ishara kwamba njia ni nyeupe. Siku ile ishara hiyo ilitolewa. Ilikuwa kweli ilipotolewa, au mfanyakazi yule aliiona kuwa ni kweli. Lakini helikopta haikuruka sekunde ileile, na anga ya watalii hubadilika upesi. Rubani alipoinuka, ile kweli ilikuwa imekwisha kuchakaa.

Ningependa msomaji atue kidogo hapa. Mtu yeyote aliyefanya kazi kiwandani, bandarini au katika karakana ya reli anaijua ishara ya namna hiyo. Unampungia mkono mwenzako, naye anachelewa kidogo kwa sababu nyingine, kisha anaanza, akiwa bado anakuamini. Kosa hilo si la mtu mmoja. Swali ni nani aliyepanga kazi ifanyike hivyo.

Na hapo ndipo taarifa ya wachunguzi inapotoka katika eriali na kuingia ofisini. Kampuni ilikuwa na vituo viwili vya kurukia na kutua, vilivyokaribiana. Njia ya chombo kinachoondoka kituo kimoja ilikatana na njia ya chombo kinachokwenda kutua kituo cha pili. Helikopta hizo za EC130 nazo zilikuwa ngeni katika kampuni, zimeletwa karibuni tu. Kila badiliko lilipofanywa, lilifanywa kwa nia njema, na pengine kila moja peke yake halikuwa na hatari kubwa. Lakini yalipokusanyika, kinga zilizokuwapo zamani zilikuwa zimeondolewa moja baada ya moja bila mtu kukaa chini na kuuliza: sasa kimebaki nini cha kuzitenganisha helikopta hizi, redio moja ikikataa? Mitambo ya kuonyesha vyombo vilivyo karibu ilikuwamo ndani ya helikopta, lakini kwa jinsi ilivyowekwa na kutumiwa haikuwasaidia marubani.

Mwandishi wa makala hii anaona kwamba hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Eriali mbovu inaweza kumpata yeyote. Mpangilio wa kazi unaoacha maisha ya watu 13 yategemee eriali moja hutengenezwa na watu wenye meza, kalamu na muda wa kufikiri.

MKANDA WA KITI

Kwa wazazi, sehemu ya taarifa inayotia uchungu zaidi ni ile ya mikanda. Katika helikopta zote mbili abiria hawakuwa wamefungwa mikanda sawasawa. Sababu yake ni ya kusikitisha: walikuwa wamevaa kiunoni vifuko vyenye maboya ya kujiokolea majini, na vifuko hivyo viliingilia njia ya mkanda. Kitu kilichowekwa kumwokoa mtu asizame kiliuzuia mkanda usimshike inavyopasa chombo kinapogonga.

Mkanda wa helikopta haufanani na wa gari. Sehemu ya chini inapasa kulala juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, ikiwa imekazwa. Ikikaa juu ya tumbo laini, au juu ya mfuko, au juu ya sweta lililokunjwa, basi wakati wa kishindo mwili huteleza chini yake, na mkanda hukata matumbo badala ya kuishika mifupa. Sehemu za mabega nazo zikilegea, kichwa na kifua huenda mbele. Mtoto mdogo huathirika zaidi, kwa kuwa nyonga zake ni nyembamba na mkanda uliomfunga mtu mzima safari iliyopita humpwaya. Abiria wa kawaida hawezi kuyajua haya kwa kutazama tu. Hufungwa na mfanyakazi mwenye haraka ya kuwahi kundi linalofuata, naye hutabasamu, akapigwa picha.

Yako pia madhara ya upande wa pili. Tarehe 11 Machi 2018 helikopta moja ya New York, iliyoruka milango ikiwa wazi ili abiria wapige picha, ilishuka katika East River baada ya injini yake kuzimika. Uchunguzi ulionyesha kwamba kamba ya usalama ya abiria mmoja ilinasa wenzo wa kukata mafuta sakafuni. Helikopta ilipinduka majini. Rubani alitoka, abiria wote 5 walikufa maji, kwa sababu walikuwa wamefungwa kwa mikanda ya mwilini iliyounganishwa nyuma yao, mahali ambapo mkono haufiki, na hawakuweza kujifungua. Kwa hiyo mtu akishafungwa mkanda, swali linalofuata ni namna unavyofunguliwa. Aufungue mwenyewe mara mbili tatu chombo kikiwa bado chini, na mtoto wake naye ajaribu.

Maswali mengine yafaayo kuulizwa na mwenye familia kabla ya kulipa si ya kitaalamu. Je, tutapimwa uzito? Boya linavaliwa wapi, na mkanda unapita juu yake au chini yake? Iko helikopta nyingine inayoruka na kutua hapa wakati tuondokapo, na nani anayezitenganisha? Kampuni yenye kazi nzuri haitaona haya kuyajibu. Ikiona haya, fedha hizo zinatosha kununua samaki wa familia nzima na kukaa ufukoni mpaka jua lizame.

Na swali jingine ni la saa. Katika Kenya, kaskazini, ndani ya Ziwa Turkana, kiko kisiwa cha volkano kiitwacho Kisiwa cha Kati, ambacho ni hifadhi ya taifa. Tarehe 3 Machi 2019 helikopta mbili ziliwapeleka wageni huko. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia zilipokuwa zinaondoka. Juu ya ziwa lisilo na mji kando yake hakuna taa ya kumwonyesha rubani maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na mtu aliyeinuka kutoka ardhini katika giza la namna hiyo huweza kudhani kwamba anapanda kumbe anashuka. Masikio yake yenyewe humdanganya, asipozitazama saa za mbele yake na kuziamini. Helikopta ya kwanza iliruka salama. Ya pili ilianguka pale pale kisiwani mara ilipoondoka, na watu wote 5 waliokuwamo, rubani Mkenya na watalii 4 wa Marekani, walikufa.